Sakitu ya Kitulo

Tulipakia usiku, mwezi wa saba, Kitulo,
magunia themanini ya viazi, yote lumbesa,
kila moja na kilemba chake cha kamba na majani,
na mwenye mali akihesabu kwa tochi ya simu
huku meno yakimgongana.

Saa kumi na moja alfajiri injini ikakohoa.
Mzee Anyelwisye alikuwa amelala na betri ubavuni,
ameifunika blanketi kama mtoto mwenye homa.
Mimi utingo. Kazi yangu kabari,
kipande cha mkaratusi kilichochongwa kwa panga:
dereva akiita, naruka, nakitia nyuma ya tairi.
Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Kuruka.

Nje nyasi zilikuwa nyeupe, zimelala kifudifudi.
Taa zilipozigusa zilimeta
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Barabara yenyewe ilionekana kavu.
Hapo ndipo ujanja wake.

Ukiipita misindano ya mwisho, kuelekea Isyonje,
kuna kijito kinachovuka njia.
Mchana ni maji ya ng'ombe na ya kunawa miguu.
Alfajiri ile kilikuwa kimesimama kilivyo,
na mikunjo yake yote,
cheusi, kigumu, kimya.

Tairi za mbele zikapita.
Za nyuma zikakataa.

Sikusikia kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka:
tani kumi zinateleza bila hata kunong'ona,
mkia unasogea kushoto, taratibu, kwa adabu,
mkia unaotaka kuwa kichwa,
na kushoto hakukuwa na kitu, ukungu tu,
na chini ya ukungu bonde
ambalo sijawahi kuuona mwisho wake.

Nikafungua mlango. Kabari mkononi.
"Funga," alisema. Hakupaza sauti.
"Ukiruka, litakulalia."

Nikautazama mguu wake wa kulia.
Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinakanyaga breki,
hata meno, hata kope.
Mguu wake ulikuwa hewani,
buti la mpira likining'inia juu ya pedali
kama kunguru ambaye hajaamua kutua.
Hakukanyaga. Hakuongeza mafuta.
Aliiachia gia ya pili ifanye kazi yake,
na usukani akaupeleka kushoto,
kushoto! kule kule tulikokuwa tunaangukia,
robo tu, kwa viganja,
kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

(Baadaye, Uyole, mdomo umejaa chapati:
"Ufuate mkia unakokwenda.
Ukiubishia, utakugeuza.
Wewe usindikize mpaka uone aibu.")

Kisha tairi moja, sijui ipi, ikakuta mchanga.
Gari likatetemeka kama ng'ombe anayejikung'uta mvua.
Akaurudisha usukani upesi, kabla mkia haujapitiliza kulia.
Hapo, alisema, ndipo wengi wanapozikwa:
wameshinda mara moja
wakasahau kwamba kuna ya pili.

Tukasimama mbele, penye jua changa.
Gunia moja lilikuwa limepasuka,
viazi vinashuka barabarani kimoja kimoja,
bila haraka, kama vinaijua njia.
Mzee akapapasa boneti.
"Ndaga," akaliambia gari, "ndaga fijo,"
akajaribu kuwasha sigara. Njiti nne.
Ya tano nilimwashia mimi.
Hakunitazama. Aliuliza tu
kama kuna chai iliyobaki kwenye chupa.

Sasa naendesha mimi, Makambako hadi Tunduma,
lami, jua, semi-trela ya watu.
Mzee yuko Tukuyu, magoti yamegoma, anafuga nguruwe.
Na bado, nikiona cheupe mbele,
unga uliomwagika pale Igawa,
mfuko wa nailoni tu,
mguu wangu huinuka wenyewe
ukabaki hewani.
Utingo wangu, kijana wa Chimala,
huuliza, kuna nini, bosi?
Nami namtazama mkononi.
Tayari ameshaishika kabari.